Adabu ya Kuuliza Njia

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na maneno hayo yamewapa moyo wanafunzi wengi waonao haya mbele ya walimu wao. Walakini methali hiyo humwondolea mwulizaji aibu moja tu, yaani aibu ya kutojua. Haisemi neno juu ya namna ya kuuliza, wala juu ya kitu alichokishika mkononi mtu aulizaye. Mtu mmoja aweza kuuliza njia kwa salamu, naye amesimama nje ya ua hata akaribishwe. Mwingine aweza kuuliza njia ile ile huku bunduki iko begani na mwenyeji amefungwa kamba. Maneno ya swali ni mamoja. Je, jawabu ni moja? Na kama si moja, je, jambo lililojulikana kwa jawabu la yule wa pili lastahili kuitwa maarifa?

Swali hili si la kupitishia wakati barazani. Sehemu kubwa ya mambo yaliyoandikwa juu ya watu wa kusini mwa Tanzania katika karne ya kumi na tisa na mwanzo wa karne ya ishirini iliandikwa na wageni waliokuja kuuliza. Kijana wa Newala au wa Masasi atakaye leo kusoma habari za mababu zake hana budi kupita mlangoni mwa wageni hao. Basi ni haki yake kujua mlango huo ulifunguliwaje.

Mto Lukuledi hutoka pande za Masasi, ukateremka mashariki hata kuingia baharini Lindi. Kusini mwa bonde lake huinuka uwanda wa juu wa Wamakonde, ambao upande wa Newala hukatika ghafula. Mtu akisimama pale paitwapo Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma humtandikia chini ya miguu yake mpaka macho yachoke. Masasi hukaa magharibi, katikati ya majabali yake makubwa. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao walizijua njia za nchi hiyo kwa usiku na kwa mchana, na misafara ya pembe na ya watumwa ilizipita miaka mingi kwenda Lindi, Mikindani na Kilwa. Kwa hiyo neno kuvumbua, ambalo vitabu vya shule vya zamani vililipenda mno, halina mahali pa kuketi hapa. Hapakuwa na kitu kilichofukiwa hata mgeni akifukue. Palikuwa na watu wajuao na watu wasiojua, na wasiojua walikuwa wageni.

Yafaa kutazama mbali kidogo kabla ya kurudi bondeni, maana yaliyotokea Lukuledi kwa kipimo kidogo yalipata kutokea Amerika kwa kipimo kikubwa, na katika kitu kikubwa kasoro huonekana upesi.

Mwaka 1513 ilitungwa huko Hispania hati ya kusomewa wenyeji wa Amerika kabla ya kupigwa vita. Hati hiyo iliwataka waukubali ukuu wa Kanisa, wa Papa na wa mfalme wa Kastilia. Wakikubali, watapokewa kwa upendo. Wakikataa, watashambuliwa, wake zao na watoto wao watafanywa watumwa, na lawama ya vifo vyote itakuwa juu ya vichwa vyao wenyewe. Ilisomwa kwa Kihispania, mara nyingi mbele ya watu wasiofahamu hata neno moja. Kwa sura yake ilikuwa swali: je, mwakubali? Lakini msomaji wa hati hakuwa na haja ya jawabu. Alikuwa na haja ya kuweza kusema baadaye kwamba aliuliza.

Kwa adabu ya namna hiyo Francisco Vázquez de Coronado alitoka Meksiko mwaka 1540, pamoja na Wahispania mamia kadhaa na wenyeji wa Meksiko zaidi ya elfu moja, kwenda kutafuta miji ya dhahabu aliyokuwa ameisikia. Alipofika Hawikuh alikuta nyumba za mawe na udongo, na mahindi. Majira ya baridi yalipoingia watu wake walinyang'anya vijiji vya huko chakula na mavazi, hata vita vikazuka. Ndipo alipotokea mateka mmoja, ambaye Wahispania walimwita Mturuki kwa sababu ya sura yake tu, akawaambia kuwa mbele, katika nchi ya Quivira, dhahabu ni nyingi hata watu huitundika mitini kwa kengele. Coronado akamfuata mwaka 1541 katika mbuga zisizokuwa na mwisho. Alikuta vijiji vya nyumba za majani, na mahindi tena. Mturuki alipobanwa alikiri kwamba watu wa mji mmoja nyuma walimwomba awapoteze wageni hao mbugani, wafe au warudi wamedhoofika. Akanyongwa usiku.

Kama Mturuki huyo alikuwa mwongo, ni uwongo wa namna gani? Mwongo wa kawaida huuvunja mkataba ulio kati yake na msikilizaji, maana kila mazungumzo hujengwa juu ya ahadi isiyotamkwa kwamba wawili hao watapeana kilicho kweli. Lakini mtu aliyefungwa mnyororo hakutia mkono wake katika ahadi yoyote. Tena Coronado mwenyewe ndiye aliyemfundisha la kusema: katika kila kijiji aliuliza dhahabu, na katika kila kijiji watu waliona kwamba wasemao hapana huteswa na wasemao iko mbele huachwa. Yule mtu alimrudishia mgeni tamaa yake mwenyewe, imepambwa kengele. Aulizaye kwa mkuki hupata mwangwi wa sauti yake, kisha huuandika kuwa ni habari za nchi.

Kuna Mhispania mwingine wa wakati ule aliyeijua Amerika zaidi ya Coronado, na sababu yake ni ya kusikitisha. Álvar Núñez Cabeza de Vaca alikwenda mwaka 1528 kuteka nchi, chombo chake kikaharibika, na kati ya mamia ya wenziwe wakabaki wanne, mmoja wao akiwa mtumwa kutoka Moroko aitwaye Estevanico. Miaka minane walitembea karibu uchi, mara watumwa wa wenyeji, mara waganga wao, wakila walichopewa. Njaa iliwafundisha lugha. Walipotokea upande wa magharibi mwaka 1536 na kuwakuta Wahispania wenzao wakiwinda watumwa, Cabeza de Vaca aligombana nao kwa ajili ya watu waliomfikisha pale. Kama jahazi lake lisingaliharibika angalikuwa Coronado mwingine, na huenda jina lake lingesahauliwa. Ni jambo la kutia mashaka sana kwamba alihitaji kunyang'anywa kila kitu ndipo aweze kusikia.

Sasa turudi bondeni ni neno la kupendeza, lakini wageni wa bonde hili hawakuwa wa namna moja, na kuwafunga wote katika tita moja ni uvivu.

David Livingstone alishuka Mikindani mwezi wa Machi 1866, akapita kwenye ukingo wa nchi ya Wamakonde kuelekea Ruvuma. Kichaka kilikuwa kimefungamana hata wanyama wake wa mizigo hawakuweza kupenya, akawapa Wamakonde ujira wamkatie njia. Alikuwa na askari wa Kihindi kumi na watatu na watu wa Nzwani kumi, na katika safari ile hakuna waliomsumbua zaidi yao. Kiongozi wa watu wa Nzwani, jina lake Musa, alimkimbia karibu na Ziwa Nyasa, na mwezi wa Desemba mwaka ule akafika Unguja na kusema kuwa bwana wake ameuawa na Mazitu. Habari zikafika London, na mwaka uliofuata ikatumwa safari nzima kwenda kuzichunguza. Musa hakushikiwa mkuki. Alitaka ujira wake na kuficha utoro wake. Kisa chake ni cha kukumbukwa na kila mtu adhaniaye kuwa ukiondoa nguvu basi kweli itakuja yenyewe kama maji mtoni. Woga ni mlango mmoja wa uwongo. Fedha ni mwingine.

Katika safari ile ile alikuwamo kijana Myao, James Chuma, aliyekombolewa katika kamba za watumwa mwaka 1861. Yeye na Abdullah Susi na wenzao ndio waliouchukua mwili wa Livingstone baada ya kufa kwake Chitambo mwaka 1873, wakaufikisha pwani mwaka uliofuata. Baadaye Chuma aliongoza misafara ya wamisheni waliokuja Masasi, ambako Askofu Edward Steere aliweka makazi ya watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, na tena akamwongoza Mskoti Joseph Thomson mpaka maziwa makubwa mwaka 1879 na 1880. Ujuzi wa njia, wa lugha, wa bei ya kuvuka na wa namna ya kumsalimu mwenye mji ulikuwa wake. Vitabu vikatoka na majina ya mabwana. Alikufa Unguja mwaka 1882, bado kijana.

Thomson huyo ndiye aliyepata mtihani ulio safi kuliko ya wengine wote. Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Unguja alimwajiri aende Ruvuma kutafuta makaa ya mawe, maana Livingstone alikuwa ameandika kwamba aliyaona huko, na Sultani alikuwa na meli za moshi zilizokula makaa ya kununuliwa ugenini. Thomson alikwenda, akatazama, akarudi na kusema kwamba hakuna makaa yafaayo; kuna mawe meusi yenye mafuta kidogo tu. Sultani hakufurahi. Hapa aliyekuwa na nguvu ni yule aliyeuliza, naye alitaka sana jawabu moja, na aliyejibu alikuwa mwajiriwa wake. Mturuki wa Coronado alikuwa na kila sababu ya kusema ndiyo. Thomson naye alikuwa na sababu zake, ila yeye aliweza kupanda meli kesho yake akaenda kwao. Ujasiri wa kusema hapana ni rahisi kwa mtu mwenye meli. Pamoja na hayo alisema, na yafaa asifiwe kwa kusema. (Makaa ya mawe yapo kweli katika mkoa wa Ruvuma, huko Ngaka, wilaya ya Mbinga, nayo yamekuwa yakichimbwa kwa biashara katika karne hii, lakini hayo ni mbali sana na pale Sultani alipoelekeza kidole.)

Jawabu kubwa kuliko yote yaliyotolewa katika nchi hii halikutolewa kwa msafiri mpenda elimu. Lilitolewa mwaka 1890 na Machemba, mkuu wa Kiyao aliyekaa Luagala juu ya uwanda wa Wamakonde, kumjibu Hermann von Wissmann, mjumbe wa Ujerumani, aliyemtaka ashuke pwani na kutii. Machemba aliandika barua kwa Kiswahili. Maana yake ni kwamba ameyasikia maneno, lakini haoni sababu ya kumtii mgeni. Kwamba kama ni urafiki yu tayari kwa urafiki, leo na siku zote, ama kuwa mtu wa chini yake hawezi. Kwamba yeye ni sultani katika nchi yake kama mwenziwe alivyo sultani katika ya kwake. Na kwamba hatashuka. Kutoka Quivira hata Luagala ni nusu ya dunia na karibu miaka mia tatu na hamsini, lakini mtu aweza kudhani kwamba Machemba alikuwa ameisoma hati ile ya Wahispania na kuijibu kifungu kwa kifungu.

Uzito wa barua hiyo umo katika kutenganisha mambo mawili ambayo mgeni aliyafunga pamoja. Mgeni husema: nipokee. Katika neno hilo mna ombi la ugeni, ambalo desturi ya Kiafrika hulikubali haraka hata ikasema mgeni njoo mwenyeji apone. Tena mna dai la ubwana, lililofichwa chini ya ombi kama kisu chini ya mkeka. Machemba aliuinua mkeka. Alikubali la kwanza kwa ukarimu na kulikataa la pili bila matusi. Wajerumani walimpiga vita mara kwa mara, na mwaka 1899 alivuka Ruvuma akaingia nchi ya Msumbiji.

Baada ya hapo maswali yote yaliyoulizwa juu ya uwanda huo yaliulizwa katika nchi ambayo jawabu lake lilikuwa limekanyagwa. Mwezi wa Julai 1905 vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi na kuenea kusini. Misheni ya Wabenediktini ya Lukuledi, iliyoanzishwa mwaka 1895, iliteketezwa. Ya Nyangao kadhalika, na kituo cha Waanglikana cha Masasi kikachomwa. Serikali ya Kijerumani ikajibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na ghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria hukadiria waliokufa katika nchi yote ya vita kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Katikati ya mwaka 1906, majivu hayajapoa, akaja Karl Weule.

Weule alikuwa mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig. Kwanza alikusudia kwenda pande za Kondoa Irangi, lakini huko kulikuwa na machafuko, akaelekezwa kusini ambako machafuko yalikuwa yamekwisha zimwa. Alipanda bonde la Lukuledi kutoka Lindi, akafika Masasi, kisha akapanda Newala na Mahuta. Alikuwa na askari, wapagazi wa Kinyamwezi, santuri za nta za kunasia sauti, na chombo cha kunasia picha zinazokwenda. Alitazama jando na unyago, akanunua vinyago vya usoni, akapima watu. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka uliofuata, na mpaka leo hakuna aandikaye juu ya Makonde bila kukigusa.

Je, mtu huyo aliijua nchi? Msomaji mkali atasema hapana, na hoja yake ni nzito. Lugha za huko Weule hakuzijua alipofika. Alikaa miezi michache. Maswali yake yalipita vinywani mwa wakalimani. Na kila aliyeketi mbele yake alikuwa ameona mwaka uliotangulia nini hufanywa na watu wa rangi yake wakikasirika. Mwenye njaa aliyeitwa na jumbe aje ajibu hakuja kwa sababu ya kupenda elimu. Pale alipopima vichwa na viungo vya watu, hapo hata swali halikuwapo. Mtu aligeuzwa kitu. Kurasa hizo ndizo zilizooza upesi zaidi, wala hakuna leo mtaalamu wa maana azitumiaye ila kwa kuonyesha makosa ya zama zake.

Lakini ipo hoja ya upande wa pili, nayo si ya kupuuzwa. Katika kitabu hicho kimo kisa cha asili ya Wamakonde. Palikuwa na kiumbe aliyekaa peke yake porini, asiyeoga wala kunyoa. Siku moja alichonga mti mfano wa mtu, akausimamisha karibu na makazi yake. Usiku ukawa mwanamke hai. Wakashuka mtoni kuoga, mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahama, na wa pili akazaliwa mfu bondeni. Wakapanda juu, mbali na mito, na wa tatu akaishi. Kwa hiyo wazao wao waliusiwa wasikae karibu na mito, kwa sababu mtoni mna maradhi na kifo.

Kisa hiki hakina dalili ya kutolewa kwa kubanwa. Mtu aliyebanwa hutoa kidogo kiwezekanacho, au hutoa kile kitakiwacho. Hakuna Mjerumani aliyetaka kusikia kuwa bondeni mna kifo. Yeye aliuliza, kama wageni wote walivyouliza, kwa nini watu wenye akili wakae juu ya uwanda usio na maji, ambako wanawake huteremka mteremko mrefu kwenda kisimani na kupanda na mitungi vichwani. Jawabu alilopewa lilimwambia yatoshayo kama angekuwa na masikio. Bondeni ndiko walikopita wakamata watumwa. Bondeni ndiko walikopita Wangoni walioishambulia Masasi mwaka 1882. Bondeni ndiko yeye mwenyewe alikopita na askari wake. Kichaka kilichomzuia Livingstone kilikuwa ukuta wa watu wasio na mawe ya kujengea. Yamkini msimulizi alimtazama mgeni usoni aliposema maneno hayo, na yamkini alicheka kidogo. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa vita alikuwa bado amebakiwa na uwezo wa kuchagua aseme nini na kwa mfano gani, na hapo mkuki haukufika.

Basi kosa la kukitupa kitabu chote ni kosa lile lile la Coronado likiwa limegeuzwa: ni kudhani kwamba katika mazungumzo yale alikuwapo mtu mmoja tu, yule mwenye nguvu. Akisema Weule ameandika uwongo mtupu, msomaji amewanyima wazee wa Newala sehemu yao katika kitabu, kama vile Chuma alivyonyimwa yake. Na akikiamini chote, amekubali kuwa woga haukuharibu kitu. Hakuna njia ya mkato. Kila ukurasa hutaka kuulizwa: aliyesema haya angepata hasara gani kwa kunyamaza, na angepata faida gani kwa kudanganya? Ambapo hapana hasara wala faida, na bado mtu alisema kwa marefu na mapana, hapo pana uwezekano mkubwa kwamba alisema kwa sababu alitaka kusikiwa.

Wako wanaodhani kwamba hatari hiyo imekwisha, kwa kuwa waulizaji wa leo ni watoto wa nchi. Mtafiti aendaye Newala siku hizi hupata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha barua ya mkoa, ya wilaya, ya kata, hata akafika kijijini na bahasha yenye mihuri mingi kuliko aliyokuwa nayo Weule. Barua hizo zina sababu njema, kwani humlinda mwanakijiji na matapeli. Lakini bibi kizee aulizwaye juu ya unyago humwona mtendaji wa kijiji kabla hajamwona aliyekuja kuuliza, naye huikumbuka siku mtendaji alipokuja kwa habari ya michango. Hujibu vizuri, kwa ufupi, huku akitazama mlangoni. Mtafiti mwenye haraka huzima chombo chake na kushukuru. Mwenye subira hungoja mtendaji aende zake, akaomba kinu asaidie kutwanga, na aghalabu ni jioni, swali likiwa limekwisha sahauliwa, ndipo yule bibi huanza kueleza kwa nini mama yake hakutaka kamwe kulala bondeni.